Wanafunzi hujua kwanza: mwongozo kamili wa kuzuia ukatili shuleni

Siku mvulana wa darasa la sita alipotokwa damu puani nyuma ya vyoo, mwalimu wa zamu nilikuwa mimi. Nilifika haraka, nikawatenganisha, nikajiona nimefanya kazi. Jioni, nikijaza taarifa, niliwaita wanafunzi tisa waliokuwa pale, mmoja mmoja, nikawauliza swali moja: ulijua lini kwamba hawa watapigana? Mmoja alijua tangu asubuhi. Wanne walijua tangu jana yake. Msichana mmoja, macho chini, akasema, "Mwalimu, si ilikuwa inajulikana tu? Wiki nzima."

Wiki nzima darasa linajua, na mimi nakutana na habari hiyo ikiwa tayari ni damu kwenye shati.

Na si ngumi za watoto tu zenye tabia hiyo. Nchini Marekani, kikosi kinachomlinda rais kilishirikiana na wizara ya elimu kuchambua mashambulizi 37 yaliyofanyika shuleni kati ya mwaka 1974 na 2000. Ripoti yao ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba katika asilimia 81 ya mashambulizi hayo alikuwepo angalau mtu mmoja aliyejua mshambuliaji anawaza au anapanga nini. Waliojua, karibu wote, walikuwa vijana wenzake. Walioshtuka ni watu wazima.

Ndiyo maana sianzi na ukuta, kamera wala mlinzi wa getini. Hivyo vinamzuia mgeni, na shida nyingi za shule zinaingia asubuhi zikiwa zimevaa sare. Kazi inayofuata hapa chini ni kufupisha njia kati ya mwanafunzi anayejua na mtu mzima atakayefanya jambo.

Hatua ya 1: Waulize wanafunzi wanaogopa wapi

Chora ramani ya shule kwenye karatasi moja: madarasa, vyoo, bomba la maji, uwanja, ngazi, njia ya kuingilia, bweni kama lipo, na kipande cha barabara wanachopita wakija na kurudi. Toa nakala kwa kila mwanafunzi pamoja na kalamu mbili. Nyekundu: mahali unapoogopa au unapopakwepa. Kijani: mahali unapojisikia huru. Kando ya kila doa jekundu aandike saa. Jina lisiandikwe. Wavulana na wasichana wafanye katika vyumba tofauti, na madarasa ya chini yasichanganywe na ya juu, kwa sababu ramani zao hazifanani hata kidogo.

Kisha hamishia madoa yote kwenye ramani moja kubwa. Mara ya kwanza tulipofanya hivi, walimu tulikuwa tumeshakubaliana kwamba tatizo letu ni uwanja wa mpira. Uwanja ulitoka karibu mweupe. Nyekundu ilijaa mahali pawili: foleni ya bomba, kati ya kengele ya mapumziko na dakika kumi za mwanzo, na choo cha tatu cha wasichana. Tulipokwenda kukitazama, mlango ulikuwa na tundu mbili pale komeo lilipokuwa zamani. Komeo lilikuwa limeng'oka na hakuna mtu mzima aliyeona, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayekitumia choo hicho. Fundi alilirudisha kwa nusu saa.

Jiandae pia kwa doa litakaloangukia ofisi ya mwalimu fulani. Litakapotokea, usicheke na usiulize nani kaliweka. Nenda moja kwa moja hatua ya 9.

Ramani hii ikae ofisini. Ukiibandika kwenye ubao wa matangazo, umewaonyesha wenye nia mbaya mahali ambapo bado hapalindwi.

Hatua ya 2: Pangeni zamu kufuata ramani

Zamu nyingi hupangwa kufuata desturi: mwalimu anasimama kwenye kivuli karibu na ofisi, anatazama uwanja. Hamisheni zamu ziende kwenye nyekundu, kwa saa iliyoandikwa. Kama ni foleni ya bomba saa nne, mwalimu awe bombani saa nne kasoro dakika mbili, kabla ya kengele, maana mwenye nguvu hujichukulia nafasi sekunde za kwanza. Atembee, aite watoto kwa majina, asiwe na daftari la kusahihisha mkononi. Simu ibaki mfukoni.

Viranja wasaidie, lakini wasipewe adhabu mkononi. Kiranja mwenye ruhusa ya kupiga ni mwonevu aliyeapishwa.

Hatua ya 3: Wekeni fimbo chini

Hapa ndipo vikao vya walimu hupata joto, na nimekaa katika vingi. Hoja ni ileile: bila fimbo watatupanda kichwani. Naielewa, darasa la watu sabini si mchezo. Lakini fikiria mtoto anajifunza nini anapoona mkubwa mwenye hasira anampiga mdogo asiyeweza kujibu, na wote wanakubali kwamba ni haki. Saa nne yeye ndiye mkubwa kwenye foleni ya bomba.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa sana, nayo ndiyo inayouma zaidi kwa lengo letu: mtoto anayekuogopa hakuletei habari. Fimbo inakata ile njia tunayotaka kuifupisha.

Na inawezekana. Nchini Uganda, katika wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 zilifuatiliwa kati ya mwaka 2012 na 2014. Nusu zilitumia mpango wa kubadili mazingira ya shule nzima, walimu, wanafunzi na uongozi pamoja, uliotungwa na shirika la Raising Voices. Mwishoni, asilimia 31 ya wanafunzi wa shule hizo walisema walipigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule wiki iliyopita. Katika shule ambazo hazikuwa na mpango huo walikuwa asilimia 49. Si sifuri, ila tofauti hiyo ni ya miezi kumi na minane tu.

Lakini usiondoe fimbo ukaacha pengo. Kubalianeni kwanza mtakachofanya badala yake, na kiwe kidogo na cha hakika: aliyeharibu anatengeneza, aliyechelewesha wenzake anafidia muda, aliyetukana anakaa na mwalimu wa darasa na kueleza kilichomfikisha hapo, mzazi anaitwa mapema kabla mambo hayajawa makubwa. Adhabu ndogo inayokuja kila mara inafanya kazi kuliko kubwa inayokuja kwa bahati.

Hatua ya 4: Kila jambo liitwe kwa jina lake

Shule nyingi zina neno moja, "utovu wa nidhamu", linalobeba kila kitu kuanzia soksi chafu hadi kisu. Tenganisheni.

Ugomvi ni wa wawili wanaolingana nguvu, kila mmoja na lake. Huo unaweza kusuluhishwa kwa kuwakalisha pamoja. Uonevu ni kitu kingine: unarudiwa, una nia ya kuumiza, na anayeumizwa hana nguvu sawa za kujitetea, iwe kwa umri, mwili, idadi, fedha au umaarufu. Maana hiyo kwa sehemu kubwa tumeipata kwa Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi zake Norwe. Mwaka 1982 wavulana watatu nchini humo walijiua, na kuonewa na wenzao kulitajwa kuwa chanzo. Mwaka uliofuata kampeni ya kitaifa ikaanza, na katika shule za mji wa Bergen alizozifuatilia Olweus, idadi ya walioonewa ilishuka kwa takribani nusu.

Kosa linalofanywa kila siku ni kuutendea uonevu kama ugomvi. "Njooni hapa, peaneni mikono, yaishe." Mwonevu anatoa mkono akitabasamu, anayeonewa anatoa mkono kwa sababu mwalimu ameamuru, na wakitoka mlangoni analipia safari hiyo ya ofisini. Uonevu hausuluhishwi, unakomeshwa. Zungumza na kila mmoja peke yake.

Halafu kuna makosa ya jinai: silaha, kumshika mtu sehemu za siri, kubaka, kuumiza vibaya, dawa za kulevya. Hayo si ya kamati ya nidhamu wala ya wazee kukaa na kuelewana. Yanakwenda polisi na ustawi wa jamii, siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Fungua njia zaidi ya moja ya kuleta habari

Mwulize mwanafunzi yeyote kwa nini hakusema, atakupa mojawapo ya majibu matatu: wangeniita mchongezi, mwalimu asingefanya kitu, au wangejua ni mimi.

La kwanza linahitaji kufundishwa. Waeleze watoto, hata wadogo kabisa: kuchongea ni kusema ili mtu aadhibiwe, kutoa taarifa ni kusema ili mtu asiumie. Wanaelewa haraka kuliko sisi.

La pili linatibiwa kwa vitendo. Kila taarifa ijibiwe ndani ya siku moja ya shule, hata kama jibu ni "nimeipata, naishughulikia". Wanafunzi wanaipima shule kwa taarifa moja. Ikipotea ya kwanza, ya pili hailetwi.

La tatu linahitaji busara ya mahali. Sanduku la maoni likiwekwa mbele ya ofisi ya mkuu, nani atapita hapo na karatasi mkononi? Liweke maktaba, au mahali ambapo kila mtu hupita akiwa na sababu nyingine. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili tofauti, na lifunguliwe kila siku. Nimewahi kuona sanduku lenye buibui ndani. Pamoja na sanduku, kila mwanafunzi ataje mtu mzima mmoja shuleni anayeweza kumwendea. Anaweza kuwa mpishi, mlinzi au mwalimu wa michezo. Andika majina yote, kisha angalia ni watoto gani hawakutaja mtu. Hao ndio wa kuanza nao kesho.

Hatua ya 6: Mtoto anapokuja kukuambia

Amekuja mlangoni, anachezea kifungo cha shati, anasema, "Mwalimu, kuna rafiki yangu ana shida." Mara nyingi rafiki huyo ni yeye. Acha unachofanya. Kaa, ili macho yenu yawe usawa mmoja. Mahali pawe faragha lakini pasiwe pa kujifungia.

Sema machache: "Umefanya vizuri kuniambia. Nakuamini. Si kosa lako." Usiahidi siri. Mwambie ukweli, "Sitaweza kulibeba hili peke yangu, lakini nitakuambia kila mtu nitakayemwambia." Uliza maswali yaliyo wazi: ikawaje? halafu? ilikuwa lini? Usimwekee maneno mdomoni kwa kuuliza, "Alikushika hapa, sivyo?" Maswali ya namna hiyo huharibu ushahidi na humchanganya mtoto. Usimwulize kwa nini hakupiga kelele. Akimaliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, weka tarehe, saa na sahihi yako.

Kama ni ukatili wa kingono, asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kufika hospitali, na afike upesi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Shule haina kazi ya kuchunguza kwanza ili kujiridhisha. Mpeleke.

Hatua ya 7: Aliyeonea, na wale waliokuwa wakitazama

Mwonevu aitwe peke yake, bila wafuasi wake. Usimwulize kama alifanya, mwambie unachokijua na kwamba kinakoma leo. Kisha nyamaza umsikilize. Mara kadhaa nimegundua kwamba naye anapigwa nyumbani au na kaka wa darasa la juu. Hilo halimfutii kosa, linakuonyesha mzizi. Usitaje aliyekuletea habari. Sema "walimu tumeona". Mkubaliane atakachofanya tofauti kuanzia kesho, na umwite tena baada ya wiki moja.

Watazamaji ndio wengi, na ndio ufunguo. Utafiti uliofanyika kwenye viwanja vya shule nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2001 uliona kwamba mwanafunzi alipoingilia kati kumtetea mwenzake, zaidi ya nusu ya nyakati uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Tatizo ni kwamba waliingilia mara chache. Ufini waliujenga mpango wao wa shule, KiVa, uliotoka Chuo Kikuu cha Turku, juu ya wazo hilohilo: mwonevu anatafuta makofi ya watazamaji, kwa hiyo wafundishe watazamaji kumnyima makofi hayo.

Usimwambie mtoto wa kilo thelathini aende akajitose kati ya wakubwa. Mpe mambo manne anayoyaweza: asicheke, asirekodi, amwite mtu mzima, na baadaye akae karibu na aliyeonewa. Hilo la mwisho linaonekana dogo. Kwa mtoto aliyekula peke yake mwezi mzima, si dogo. Wafanyishe mazoezi darasani, kwa maigizo ya dakika tano, wabadilishane nafasi.

Hatua ya 8: Mtu akisema ataua, atachoma, au atajiua

Yasipuuzwe, na yasifanywe tamasha. Shule iwe na kikosi kidogo kinachojulikana: mkuu, mwalimu wa ushauri nasaha, na mwalimu mmoja anayewafahamu wanafunzi vizuri. Wakutane saa hiyohiyo na wajiulize: alisema nini hasa, kwa nani? Ametaja mtu, mahali au siku? Ana njia ya kupata silaha, petroli, sumu? Amewahi kutafuta au kujiandaa? Nini kimetokea maishani mwake wiki hizi: kufiwa, kuachwa, kufedheheshwa mbele ya watu? Nani anaweza kuongea naye akasikilizwa?

Neno la hasira lililoombewa radhi papo hapo ni tofauti na mpango wenye siku na mahali. La kwanza linamalizwa na mwalimu. La pili ni la polisi na wazazi, bila kusubiri. Na msitafute "sura ya mhalifu". Ripoti ile ya Marekani ilisema wazi kwamba hakuna aina moja ya mwanafunzi anayeshambulia. Wengine walikuwa na alama nzuri na marafiki. Tazameni mwenendo, wala si mavazi au ukimya.

Kwa anayetaka kujiua, mwulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni mpaka mzazi na mhudumu wa afya wafike.

Hatua ya 9: Mhusika akiwa mtu mzima wa shule

Sehemu hii ni fupi, kwa kuwa haina mjadala. Mwalimu, mlinzi au dereva anayetuhumiwa kumdhuru mtoto anaondolewa mbele ya watoto siku hiyo wakati uchunguzi unaendelea. Taarifa inakwenda nje ya shule. Kumhamishia shule nyingine kimyakimya ni kuwapelekea watoto wengine hatari hiyo. Kabla ya kuajiri, ongea na mwajiri wa mwisho kwa sauti, usitegemee barua. Na iandikwe kanuni ambayo kila mfanyakazi ataisaini: hakuna masomo ya ziada ya mtu mmoja chumbani au nyumbani, hakuna kumwandikia mwanafunzi ujumbe wa faragha usiku, hakuna kumtuma mwanafunzi kazi za nyumbani kwa mwalimu.

Hatua ya 10: Simu na makundi

Ugomvi wa siku hizi huanza kwenye kundi la darasa saa tatu usiku, na kufika shuleni asubuhi ukiwa umeiva. Picha ikisambazwa, usiombe utumiwe ili "uone". Ikiwa ni ya utupu wa mtoto, kuihifadhi kwenye simu yako ni kosa. Andika nani kaituma, saa ngapi, wapi, na uripoti. Waambie wazazi wasimwage hasira zao kwenye kundi la wazazi, maana huko nako huanzishwa vita vya pili.

Hatua ya 11: Milango

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli nchini Kenya lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Nondo zile ziliwekwa kwa ajili ya usalama.

Kwa hiyo kila bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa nje, inayoweza kufunguliwa na aliye ndani bila kutafuta ufunguo, na madirisha yasiyo na vyuma vya kudumu. Vitanda visizibe mlango. Pitia mwenyewe usiku, taa zikiwa zimezimwa, ujaribu kutoka. Mazoezi ya kutoka yafanyike kila muhula na wanafunzi waambiwe mapema kwamba ni mazoezi. Kuwatisha watoto kwa milio ya bunduki ya kuigiza kunawaachia hofu tu.

Hatua ya 12: Baada ya tukio

Saa 24 za kwanza ni za mambo matatu: matibabu, wazazi, na kisasi. Hilo la tatu husahaulika. Jioni ileile upande wa pili unapanga kesho, na kama ulifungua njia za hatua ya 5, utasikia. Msemaji wa shule awe mmoja. Wazazi wapate maelezo kutoka shuleni kabla hawajayapata mitaani, bila majina ya watoto.

Aliyeumizwa akirudi, asirudi kama mgeni. Mtu ampokee getini, kiti chake kiwepo, na aulizwe anataka kukaa na nani. Mwulize tena siku ya tatu, wiki ya pili, na baada ya mwezi: "Kuna mtu amekugusa tena?" Waonevu wengi hutulia siku kumi, kisha huanza upya walimu wakishasahau.

Muhula unaofuata, rudia ramani ya hatua ya 1, kwa karatasi zilezile na kalamu zilezile. Ziweke mbili sambamba. Nyekundu itakuwa imehama, na huenda ya pili ikawa na madoa mengi kuliko ya kwanza. Kwetu ilikuwa hivyo, na mkuu wetu alikaribia kuitupa. Tulipotazama vizuri, sehemu kubwa ya madoa mapya yalikuwa ya darasa la tatu na la nne, watoto ambao mara ya kwanza walirudisha karatasi tupu.